Ngoma ya Dada Mwamini Imelia kwa Papa Issa

Basi Dada, ngoma yako ikalia sokoni mchana kweupe, na hakuna mwanamuke hata moja alikuwa ameigusa. Ilikuwa hapa munyumba, imetundikwa kwa musumari wake, mie mwenyewe nilikuwa ninaiangalia na macho yangu. Nikasema, haya, Mwamini amerudi. Nikavaa kiatu kimoja, kingine sikukiona, nikatoka mbio.

Ngoja, nitakueleza pole pole. Hii karatasi ni mwanao Rashidi anaandika, juu mie kalamu unajua sikuwahi kuishika, ningeishika ningechokonolea sikio. Rashidi amekuwa baba ya ndevu, Dada. Anashona viatu pale karibu na stendi, mukono wake mwepesi kama wako. Amekaa kwa kiti chako. Nimemuambia, andika vile ninasema, usininyooshe. Na kuna mahali nitamuambia aruke, juu ni maneno ya banamuke, na weye unayajua tayari, hauna lazima ya kuandikiwa. Ananiangalia vibaya. Andika, andika hata hilo.

Tangu tulikuzika hapa Kamembe ngoma haikulia tena. Si kwamba niliisahau. Kila Ijumaa ninaipangusa na mafuta kidogo kwa ngozi, vile ulinionyesha, kwa kidole, si kwa kitambaa. Lakini nani angeita banamuke? Wengine habakurudi. Wengine balirudi na moyo umefungwa. Unakumbuka Mama Fatuma na Bi Nuru, majirani wa ukuta mumoja? Tangu miaka ya kukimbia habakusalimiana. Bi Nuru akimwaga maji, Mama Fatuma anafunga dirisha. Batoto ba kike banaolewa kimya kimya kama vile banaibwa. Mie ninabaki hapa na nyimbo zako zote ndani ya tumbo, kifua kinanikaba wakati wa mvua, ninajiambia, Salima, ukienda weye, hizi nyimbo zimekwenda na weye.

Hiyo njo ilikuwa inanikosesha usingizi. Si vita. Vita tumeizoea, siku zingine mizinga ya ng'ambo Bukavu ilikuwa inalia mpaka sahani zinagongana kwa kabati, tunaendelea kuchambua muchele.

Sasa akakuja binti moja wa Kigali, Mamzel Odette. Musichana mweusi, mwembamba, miwani, anatembea haraka kama muntu ameacha chungu kwa moto. Kwa mugongo alikuwa na kompyuta, ile ya kukunja kama kitabu. Akasema anafanya mize. Mize ni nyumba banaweka bintu bya zamani, bantu bakuje baone. Nikamuuliza, hiyo nyumba utaijenga wapi, viwanja vya Kamembe vimekwisha. Akacheka. Akasema, Maman, hii haina ukuta, iko ndani ya mashine, muntu akiwa kule Ulaya ao Nairobi anafungua anaona ziwa, anaona mitumbwi ya kisiwa cha Nkombo inakwenda kuvua samaki ya sambaza na ile nyimbo ya makasia, anaona mikeka, anasikia tunavyosema. Akipenda, siku vita itaisha anapanda ndege anakuja mwenyewe.

Mie nikaipenda hapo hapo. Juu unakumbuka ile hoteli ya kando ya ziwa, vile ilikuwa inajaa wageni, na weye ulikuwa unabauzia mikeka unabadanganya kwamba ile rangi nyekundu ni ya muti? Sasa hoteli inakaa na ule mulinzi kipofu na mbwa wake. Wageni wanaogopa. Na ule anayekuja si wa kuangalia, ni wa kubeba. Kuna mwanaume moja alikuja hapa, suruali ya mifuko mingi, akaona ngoma yako kwa ukuta, macho yakamutoka. Akataka aibebe. Akasema ng'ambo ya bahari banaiweka ndani ya kioo. Nikamuambia, baba, hii ikiingia ndani ya kioo nani atakuja ikiita? Akaenda. Lakini jirani wa huku chini alimupa kinu cha nyanya yake na kile kiti cha miguu mitatu, na leo anaketi kwa ndoo.

Njo nikaona akili ya Mamzel. Yeye anachukua picha, kitu kinabaki kwa musumari wake. Mugeni akuje aone, arudi kwao, kesho mwingine akuje aone, na ngoma bado ni yetu. Nikasema huyu binti ana maarifa.

Lakini Dada, ulinikataza. Sikusahau. Ulikuwa umelala pale, sauti imekwisha, ukanishika hapa kwa kiwiko, ukasema: "Mudomo wa ngoma ni wa bote. Tumbo lake ni la banamuke." Nikakuapia.

Kwa hiyo nikamupa Mamzel mudomo tu. Ule mulio wa kuita, ule unapigwa dirishani mwali akiwa tayari kuketishwa nyuma ya pazia afundwe. Huo hata banaume banausikia tangu zamani, banausikia na banapita njia ingine, hakuna haramu. Nikapiga kidogo, yeye akaweka kifaa chake karibu, akafunga kompyuta, akasema asante Maman. Nyimbo zenyewe, zile za nyuma ya pazia, nikamuambia hapana, hiyo haitoki. Akainama, hakunisumbua. Adabu iko.

Sasa angalia vile mambo yaliharibika. Kwetu munyumba kuran, ule umeme, bado haijafika. Kompyuta ikawa na njaa. Mamzel akaipeleka kwa Papa Issa fundi cherehani ikalishwe, halafu akaenda Bugarama kuona bantu ba muchele. Papa Issa unamujua. Hakuna kitu kinapita mbele yake asikiguse. Ameweka bafle mbili, spika kubwa, inje ya duka, anapiga muziki ya Kinshasa kutwa nzima, eti ili bateja bakuje. Akaona kompyuta inawaka. Akajisemea, hii lazima ina muziki. Akachukua waya wa bafle yake akauchomeka pale kwa tundu, akafinya na kidole chake kinene.

Kamembe yote ikaitwa.

Dada, ungeona! Mie nilifika na kiatu kimoja, nikadhani nitakuwa wa kwanza. Nilikuwa wa nyuma! Mama Zawadi ametoka na beseni ya sambaza kwa kichwa, maji ya samaki yanamuchuruzika kwa shingo. Mwingine alikuwa anasuka nywele, upande mumoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama porcupi... Rashidi, ule munyama wa miiba anaitwaje? Nungunungu. Kama nungunungu. Mwingine na kuku hai anapiga kelele kuliko bafle. Na vigelegele tangu kule juu kwenye kona ya musikiti. Hakuna aliuliza mwali ni nani. Walisikia, bakatoka. Vile ulibafundisha: ngoma ikiita, toka na kile kiko mukononi, kiweke mulangoni kwa mwali, na usikirudishe nyumbani.

Na bakaweka! Kabla ya kuangalia bakaweka. Nyanya, unga, sambaza, sabuni nusu, kitana, kuku amefungwa miguu. Halafu bakainua macho baone mwali.

Akawa Papa Issa. Futi kwa shingo, sindano kwa midomo, jasho kama amenyeshewa.

Halafu Mama Zawadi akasema: "Mwali wetu wa mwaka huu ana mustachi."

Yoooo! Dada, bamama bakaanguka. Mwingine anamuuliza: "Bibi harusi, mahari yako ni bafle moja ao mbili?" Mwingine: "Muvueni viatu tumukalishe kwa mukeka!" Yeye anasema pardon, bamama, pardon, nilikuwa ninatafuta muziki tu, na bafle nyuma yake inaendelea kuita, hajui kuizima. Rashidi hapa anacheka mpaka anaharibu karatasi. Alikuwa kwa kazi yake, alisikia, akafanya adabu, akapita njia ingine. Mwana wa Mwamini.

Lakini mie nitakuambia kitu niliona. Katikati ya kile kicheko, Bi Nuru alikuwa amesimama na unga bado kwa vidole, na Mama Fatuma ubavuni kwake, bega kwa bega, na mukono wa kila moja uko kwa bega la mwenzake. Baliegemeana kwa kucheka, habakujijua. Halafu bakajijua. Kila moja akautoa mukono wake pole pole, kama muntu anatoa mukono kwa sufuria ya moto. Lakini Dada, ulikuwa umekwisha kuwekwa. Mie niliuona.

Papa Issa tulimuhukumu hapo hapo. Bile bintu haviwezi kurudi, kwa hiyo bya kuliwa vikapikwa, na yeye akatoa mafuta na kuni. Na kazi ya mukono: pazia mupya, kubwa, mara mbili ya ile yetu ya zamani, ile ulikata kwa shuka ya Muzee wetu akiwa safarini, akarudi anatafuta shuka. Papa Issa alishona bila kufungua mudomo. Mushono mzuri lakini, siwezi kusema uongo.

Kicheko kikaisha, maneno yakaanza. Bi Nuru ni Bi Nuru. Akasema mbele ya bote: "Salima, ngoma ya Mwamini sasa imekuwa redio. Leo ni mudomo, kesho ni tumbo. Mufute ile kitu, na ngoma ifungwe kwa gunia." Wengine bakaitikia. Dada, alikuwa anasema ukweli nusu. Na ile nusu ingine ilikuwa kwamba nikiifunga kwa gunia, weye nimekuzika mara mbili. Mama Fatuma aliuliza tu: "Na binti yangu atakayeolewa baada ya Salima kufa, nani atamuimbia?"

Mamzel akarudi kutoka Bugarama na tope kwa magoti, akakuta kikao. Bakamueleza. Nilidhani atalia. Akaketi chini kwa mukeka, akasema: Maman, kompyuta inaweza kuwekewa mulango. Mize yote iko wazi, muntu wa popote anatembea ndani, lakini chumba kimoja kinafungwa. Kinafunguka kwa neno. Asiye na neno anaona mulango, haoni ndani.

Nikamuuliza: "Na hilo neno nani analitunza?"

"Yule utamupa weye, Maman. Na yule atakayepewa na yule."

Dada, nikaangalia Bi Nuru, Bi Nuru akaniangalia. Juu ni nini tena hiyo kama si pazia? Mwali anasimama inje, anaulizwa, anajibu neno somo yake amemunong'oneza kwa sikio, pazia linafunguka. Asiye na neno anabaki inje na kuku wake. Bi Nuru akashusha mabega. Lakini hakukubali bila kuuma kidogo, unamujua. Akasema: "Sawa. Na weye Mamzel, utakayeufunga huo mulango, hilo neno si utalisikia? Nyimbo si utazisikia? Weye nani alikuketisha?"

Mamzel akavua miwani, akaipangusa, ikakaa safi na bado anaipangusa. Akasema hakuna. Akasema mama yake alikwenda ule mwaka wa mauaji, na bashangazi bake bote na mama yake, nyumba nzima, na hakuna mwanamuke alibaki wa kumuketisha.

Mie nikasema tu, basi ataketishwa hapa. Moja akataka kusema Mamzel ni Mukatoliki, nikamukata. Kule Bukavu si ulimuketisha binti ya mwenye nyumba yetu, na rozari yake kwa shingo? Rashidi, hii andika vizuri, ni ya mama yako. Siku ile tulikimbia, mama yako aliacha sufuria akabeba ngoma kwa kichwa. Bantu kwa daraja bakamucheka, weye ulikuwa unalia njaa, umeshika nguo yake, na hata mie nilimuona mujinga, Mungu anajua. Lakini kule ng'ambo tulifika hatujulikani, na ilikuwa ile ngoma ilitujulisha. Bamama ba Bukavu bakamuita, harusi hii, harusi ile, na kila akirudi kuna chakula chini ya kanga yake. Sufuria tulipata ingine. Ngoma ungeipata wapi?

Amesimamisha kalamu, Dada. Ninamuachia kidogo.

Haya. Tumemuketisha Mamzel Alhamisi. Hapa Rashidi unaruka... Umeruka? Bon. Nitasema tu kwamba aliyemushika mukono wa kuume ni Bi Nuru, na wa kushoto Mama Fatuma, na habakumuachia mpaka mwisho. Na alipotoka nyuma ya pazia alikuwa amevaa kanga yako ya manjano, ile ilibaki kwa sanduku. Nilimupa. Hautanikasirikia; ilikuwa inanuka naftalini na mie kila siku ninaifungua ninaifunga tena. Sasa inatembea.

Na leo njo siku yenyewe. Papa Issa ameileta pazia tangu asubuhi, ametundika mwenyewe, halafu bakamufukuza. Kompyuta imeshiba. Bamama bameleta uji wa tangawizi kwa sababu ya kifua changu. Nitapiga nyimbo zote, tangu ile ya kuoga mpaka ile ya kufungua kichwa, hata ile ulisema niipige kama ninatembea kwa mayai. Mudomo utakaa mbele ya mize, wa bote, mugeni akifika kwa mashine aitwe na ngoma yako kama vile soko liliitwa. Tumbo litakaa ndani, kwa mulango wake. Neno ninalo mie, analo Bi Nuru, analo Mama Fatuma, analo Mamzel tangu Alhamisi. Ni neno lako. Unajua ni lipi. Siliandikishi.

Nilitaka nikuambie mbele ya kupiga, si nyuma. Ruhusa sikuombi, ruhusa ulinipa siku ile kwa kiwiko, ni vile tu haukujua mulango unaweza kuwa wa namna hii. Ninakuahidi ngoma haitatoka kwa musumari wake isipokuwa kwa kuita. Ninakuahidi mujukuu wako, binti ya Rashidi, akifika umri atalipokea neno kwa sikio la kuume, mie nikiwa hai. Na kama sikuwa hai, kwa Bi Nuru, na sauti ile ile. Na wageni bakianza kuja, mikeka itauzwa kwa rangi yake ya kweli. Hiyo ya mwisho sikuahidi sana.

Lala vizuri, mukubwa wangu. Nilikuja kwa nyumba ya Muzee, bibi yake wa pili, nikidhani nitakuwa adui yako, nikakuta dada. Tutaonana, na nitakuja na habari nyingi, ujiandae...

"Maman Salima! Kujaaa! Tunafunga!"

Unabasikia? Hiyo ni Nuru, anafokea bantu kama afande. Ninakuja, ninakuja! Rashidi, shika hii. Weye baki hapa, usinifuate. Mudomo utausikia, ukianza chukua kiti upite upande ule wa barabara. Tumbo, hapana, hata kama ni mama yako. Lakini mahali pamebaki hapo chini kwa karatasi. Muandikie kwaheri weye mwenyewe, kwa maneno yako. Mie nimekwenda.